Maharage ya Shukrani

Mwalimu Nakijwa aliwaambia wasichana wa darasa la sita kwamba daftari la insha litasomwa na yeye tu. Alisema hivyo Alhamisi ya kwanza ya muhula, mwaka 1954, amesimama mbele ya ubao na vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. "Andikeni kweli," akasema. "Msiogope. Sitamwonyesha mtu."

Walimwamini. Alikuwa kijana, wa rika la dada zao wakubwa, na alikuwa mgeni. Yeye alikuwa Mpare wa Mamba, upande wa kusini, na Kigweno, lugha ya watu wa Ngujini palipokuwa shule, alikisikia kama maongezi yanayopita ukutani: neno moja linaingia, matatu yanabaki nje. Mtu wa namna hiyo, wasichana waliona, hata akitaka kusema siri yako atamwambia nani?

Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba naye alikuwa akiandika. Tangu chuoni alitunga hadithi za vijana, na gazeti moja la vijana la Dar es Salaam lilikuwa limekwisha kuchapa mbili, chini ya jina la Dada wa Milimani. Ofisi ya elimu huko Same ilimpa ruhusa kwa barua ya mistari miwili: anaweza kuandika, mradi kazi ya shule isipungue.

Kazi ya shule haikupungua. Asubuhi ilikuwa hesabu na Kiswahili, mchana bustani na ushonaji, Jumamosi kuwapeleka wasichana kukata kuni, Jumapili kwaya. Basi akajitafutia nafasi mahali palipokuwa kimya. Kipindi cha insha, wasichana walipoinama kuandika, naye aliinama mezani akaandika hadithi yake. Walifurahi kuona mwalimu wao anaandika pamoja nao. Baadaye, alipoanza kukosa la kutunga, alianza kuwapa vichwa vya insha ambavyo yeye mwenyewe ndiye aliyevihitaji. "Siku niliyoogopa sana." "Jambo ambalo mama yangu halijui."

Hicho cha pili, Eliaichi alikiandikia kurasa nne.

Eliaichi alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa pekee wa Yudith, mjane wa Ngujini. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, msomaji mzuri kuliko wote shuleni. Aliandika juu ya ukame wa mwaka uliotangulia, na juu ya ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe ambalo kijito hulijaza. Mgawa maji huchomoa kizibo, na maji yote huenda shamba la mwenye zamu siku hiyo, yeye peke yake, mpaka yaishe. Mwaka ule zamu ya Yudith ilikuwa mbali, na maharage yake yalikuwa yamekwisha kugeuka rangi. Jumapili moja Eliaichi alisema tumbo linamuuma. Kengele ilipolia na kijiji kizima kikaingia kanisani, mama yake akiwamo, alikwenda kwenye ndiva, akachomoa kizibo, akaelekeza maji shambani kwao. Maji yalipofika nusu alikirudisha kizibo, akakikandika kwa nyasi na udongo kama alivyoona wakubwa wakifanya.

Zamu ya kesho yake ilikuwa ya Mzee Simeoni. Alikuta ndiva nusu. Mzee Naftali, mgawa maji, alizunguka kingo zake, akaona tundu dogo, akasema ni kaa. Kaa hutoboa kuta za ndiva. Ndivyo kila mtu angesema. Wakasaka kaa siku mbili. Maharage ya Mzee Simeoni yakakauka yote.

Insha haikuishia hapo. Mavuno yalipofika, Yudith alikuwa na maharage na majirani hawakuwa nayo. Kwa kuwa hakujua lolote, aliamini ni Mungu. Alibeba kapu la kwanza kanisani, akasimama mbele ya usharika, akasema Mungu amemnyeshea mjane na yatima mvua ambayo wengine hawakuiona. Watu walilia. Baada ya ibada mazao ya sadaka yalinadiwa nje kama kawaida, na Mzee Simeoni ndiye aliyelinunua kapu lile, apate mbegu yenye baraka.

"Mama alifurahi sana," aliandika Eliaichi. "Mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika."

Nakijwa aliisoma insha ile mara tatu. Alisahihisha makosa mawili ya tahajia. Pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika: "Umeandika vizuri sana." Hakumwita mtoto, hakumuuliza kitu. Mtoto alikuwa amemfungulia moyo wake wote, na jibu alilopata lilikuwa alama kumi na nane juu ya ishirini.

Siku ile ile alianza kuitunga hadithi.

Alibadilisha majina. Maharage akayafanya mahindi. Kijiji hakukitaja. Lakini Jumapili aliiacha kama ilivyokuwa, na kaa akawaacha, na mnada akauacha, na yule mzee kununua mbegu iliyoota kwa maji yake mwenyewe akauacha, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa vitamu. Hata kutapika nyuma ya kanisa alikuacha. Mwisho tu ndio alioutunga, maana insha haikuwa na mwisho. Mhariri alimjibu haraka kuliko siku zote. "Hii ni bora kuliko zote ulizotuletea. Tunafikiri kutoa kijitabu cha hadithi zako kwa shule, na hii ndiyo itakayotangulia." Aliisoma barua ile amesimama barazani, na alipomaliza aligundua anacheka peke yake.

Gazeti lilikuja na basi kutoka Same, siku ya Ijumaa, nakala moja kwa shule nzima. Mwalimu Mkuu Hezroni, ambaye ndiye pekee aliyejua Dada wa Milimani ni nani, alilipiga-piga gazeti kwenye kiganja.

"Jumapili litasomwa," akasema. "Acha wazee wasikie kwamba shule yetu ina mtu."

"Jina langu usilitaje, Mwalimu Mkuu."

"Sitalitaja. Lakini hadithi lazima isomwe."

Hapo Nakijwa angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ukurasa una makosa, au hadithi haiwafai wazee, na Hezroni angechagua nyingine. Alijua tangu Ijumaa mpaka Jumapili kwamba angeweza. Alinyamaza kwa sababu alitaka kusikia sentensi zake zikisomwa kwa sauti na watu wakicheka mahali alipotaka wacheke. Alijiambia pia kwamba mahindi si maharage.

Pale Ngujini, Jumapili, mnada wa sadaka ukiisha, watu hawatawanyiki mara moja. Gazeti likiwapo, mwanafunzi husimama kwenye ngazi ya kanisa akawasomea wasiojua kusoma. Na Mwalimu Mkuu, bila kufikiri mara mbili, alimwita msomaji wake bora.

"Eliaichi! Njoo hapa mwanangu. Sauti!"

Nakijwa alikuwa amesimama na wanakwaya. Hakusogea.

Eliaichi alianza vizuri, kwa sauti ya wazi, akipumzika kwenye nukta kama alivyofundishwa. Watu walisikiliza habari za ukame wakitikisa vichwa. Aliposoma kwamba binti alijifanya tumbo linamuuma, sauti yake ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena. Alifika kwenye kaa. Watu wakacheka sana.

"Kumbe kaa wako wamefika Dar es Salaam, Mzee Naftali!" mtu akapiga kelele.

"Wamekwenda kwa treni," Naftali akajibu, na watu wakacheka zaidi.

Mzee Simeoni hakucheka. "Hebu rudia hapo, binti," akasema. "Hapo penye Jumapili."

Eliaichi alirudia. Safari hii hakuna aliyecheka. Akaendelea: mjane, kapu, mbele ya usharika, shukrani. Alisoma bila kusimama, maana Nakijwa ndiye aliyewafundisha kwamba msomaji hakatizi sentensi katikati hata mvua ikianza kunyesha. Watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama Yudith. Yudith alikuwa ameketi kwenye nyasi, kanga imefungwa vizuri kichwani, akitazama mdomo wa mwanawe kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya kigeni.

Mnada. Mzee. Mbegu ya baraka.

Kisha Eliaichi alifika kwenye sentensi yake mwenyewe. Nakijwa aliijua ilipo, chini ya ukurasa, upande wa kulia. Msichana aliitazama. Akainua macho, akamtafuta mwalimu wake kati ya wanakwaya mpaka akampata. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayehakikisha. Halafu alilikunja gazeti mara mbili, akamrudishia Mwalimu Mkuu kwa mikono miwili, akashuka ngazi.

Jumatatu Eliaichi alikuja shuleni kama kawaida. Aliulizwa saba mara nane, akajibu hamsini na sita. Nakijwa alimwita wakati wa mapumziko, akamkuta amekwisha kusimama mbele yake, mikono nyuma.

"Eliaichi."

"Abee, Mwalimu."

Alikuwa amepanga maneno tangu jana yake, mengi, mazuri. "Nilibadilisha majina," akasema mwisho.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Eliaichi. "Niliona."

Mwalimu Mkuu Hezroni alikuwa na maneno mengi kuliko wote wawili. Alifunga mlango wa ofisi. "Wazee wanakutana Jumatano kwenye ndiva," akasema. "Jina lako halimo gazetini, wewe nyamaza. Shida ni mtoto. Wakithibitisha ni yeye, siwezi kumweka hapa. Mwizi wa maji katika shule ya misheni! Wazee hao hao wenye watoto humu watanitaka nimfute, na msimamizi wa shule atatia sahihi." Alivua miwani akaifuta. "Dada yangu, hukuona? Mambo yote ya duniani, ukachukua maji?"

Siku ya Jumatano wazee walikaa kwenye ukingo wa ndiva, wanawake upande wa chini, na Nakijwa akaja na Hezroni akaketi nyuma kabisa. Maneno yalikuwa ya Kigweno, yakienda haraka, lakini Mzee Naftali alipomwona alihamia Kiswahili, kwa heshima ya mwalimu mgeni.

"Mimi nilisaka kaa siku mbili," akasema. "Wajukuu wangu wananiita Babu Kaa mpaka leo. Sitaki kuonewa huruma. Nataka kujua nani alichomoa kizibo changu."

"Na mimi nimepanda mbegu ya baraka," akasema Mzee Simeoni. "Kumbe baraka yenyewe ilikuwa maji yangu." Mtu mmoja aliguna kama anataka kucheka, akaacha.

"Hadithi inasema ni binti," Naftali akaendelea. "Na Jumapili ile binti wa hapa alikuwa nyumbani. Mke wangu anakumbuka. Walipotoka kanisani alimpelekea uji kwa sababu ya tumbo. Simama, Eliaichi."

Eliaichi alisimama. Nakijwa alimwona akivuta pumzi, na akajua kwamba atasema kweli, kwa sababu alikuwa mtoto wa namna hiyo. Ndiyo maana insha ilikuwa nzuri. Lakini kabla hajafungua mdomo, mama yake alimshika kifundo cha mkono akamvuta chini, na yeye akasimama mahali pake.

"Ni mimi," akasema Yudith.

"Wewe ulikuwa kanisani," akasema Naftali.

"Niliketi karibu na mlango. Nilitoka wakati wa mahubiri, nikarudi kabla ya wimbo wa mwisho. Nani aliniona? Ninyi mlikuwa mnamtazama mchungaji."

"Hadithi inasema binti."

"Hadithi ni ya gazeti. Imeandikwa na mtu asiyetujua."

Mzee Simeoni alisimama polepole, akijiegemeza kwenye fimbo. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mama Eliaichi. Ulisimama mbele ya madhabahu ukimshukuru Mungu. Ulikuwa unajua?"

Nakijwa alimtazama Yudith. Mwanamke huyu, kitu alichokuwa nacho cha kujivunia hapo Ngujini kilikuwa siku ile moja aliposimama na kapu mbele ya watu.

"Nilikuwa najua," akasema.

Wanawake wakashusha pumzi kwa pamoja. Nakijwa akajikuta amesimama. Hakukumbuka kuinuka. Daftari lilikuwa kwenye sanduku nyumbani kwake, na katika daftari lile kulikuwa na ushuhuda kwamba mwanamke huyu hana hatia hata kidogo. Angeweza kumwokoa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo hiyo ingemfukuza mtoto shuleni.

"Wazee wangu," akaanza, "mimi ndiye..."

Yudith aligeuka. Alimwambia kwa Kiswahili, polepole, ili aelewe kila neno.

"Keti, Mwalimu. Wewe umekwisha kusema."

Nakijwa aliketi. Aliketi upesi mno. Njia nzima ya kurudi shuleni hakukumbuka hukumu waliyoitoa, alikumbuka upesi ule, jinsi miguu yake ilivyofurahi kuambiwa ikunjike.

Hukumu ilikuwa hivi: zamu ya Yudith ilifungwa mpaka masika, na tope la ndiva, ambalo kwa desturi hutolewa na watu wote kwa msaragambo, siku moja, nyumba zote na majembe yao, safari hii angelitoa yeye peke yake. Jumapili iliyofuata mchungaji alimtenga na Meza ya Bwana. Yudith alihama kutoka benchi la mbele akaketi karibu na mlango, mahali pale alipodanganya kwamba ndipo alipoketi zamani.

Nakijwa alimwandikia mhariri aiondoe hadithi ile katika kijitabu. Aliandika kwamba si mali yake. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, la upole: waandishi wapya wengi huona haya kitabu cha kwanza kinapokaribia, asihofu, tena herufi zimekwisha kupangwa na haiwezekani kuondoa kitu. Nakala mia sita, kwa shule za jimbo lote. Wangependa pia kujua anaandika nini sasa.

Jumamosi aliwaacha wasichana na kiongozi wao wa kuni, akaazima jembe na karai, akapanda mpaka kwenye ndiva. Yudith alikuwa ndani, tope magotini, kanga imekazwa kiunoni. Alikuwa amekwisha kusafisha robo.

"Shikamoo, Mama Eliaichi."

"Marahaba."

Hakumwambia ingia wala ondoka. Nakijwa alivua viatu, akaingia. Tope lilikuwa baridi kuliko alivyodhani. Walifanya kazi, Yudith akichota, yeye akibeba, mpaka Yudith alipomkemea.

"Usimwage hapo. Mvua ikinyesha litarudi lote. Peleka kule juu."

Akapeleka kule juu.

Jua lilipopanda, Yudith alijinyoosha mgongo. "Ile hadithi ilikatwa," akasema. "Mwisho wake ulikuwaje?"

Nakijwa alishika karai kwa mikono yote miwili. "Binti anamwambia mama yake. Mama analia, anamkumbatia. Wanakwenda pamoja kwa yule mzee kuungama, na yeye anacheka, anawarudishia nusu ya mbegu."

"Hayo nayo aliyaandika mwanangu?"

"Hapana, mama. Hayo niliyatunga mimi."

Yudith aliitika kwa kichwa. Aliinama akachota tope, akalipiga-piga kwa jembe lisimwagike.

"Tunalala chumba kimoja, mimi naye," akasema, bila kumtazama. "Tangu baba yake afariki. Ninajua anavyopumua akiwa na homa, na anavyopumua akiota. Mwaka mzima alikuwa na jambo hili kifuani, nami niko pale pale, nikimwimbia nyimbo za kushukuru." Alisimama. "Wizi nimeusamehe siku ile ile. Ni mtoto, aliona maharage yananyauka. Lakini hakuniambia mimi. Alikuambia wewe."

Nakijwa alitaka kusema kwamba mtoto hakumwambia, aliandika tu. Kwamba kichwa cha insha alikitoa yeye. Kwamba Eliaichi aliogopa kumvunja mama yake moyo. Yote yalikuwa kweli, na yote yangekuwa kuzungumza tena juu ya mtoto asiyekuwapo.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Karai limejaa," akasema Yudith. "Peleka."

Alipokuwa akishuka kutoka kule juu na karai tupu, Eliaichi alitokea kwenye njia ya mtoni, debe la maji kichwani. Zamu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo alikuwa akinywesha maharage ya mama yake kwa debe, shina kwa shina, kila asubuhi kabla ya shule na Jumamosi, badala ya kwenda kuni, mchana kutwa. Aliwaona wote wawili, mmoja ndani ya tope, mwingine kwenye ukingo. Hakusimama.

"Shikamooni," akasema, kama mtu anavyowasalimu watu aliowakuta njiani, salamu moja kwa wote.

"Marahaba," wakaitikia pamoja.

Akapita, shingo imenyooka, wala maji hayakumwagika. Walimsikia akishuka mpaka shambani. Yudith ndiye aliyeinama kwanza kuendelea na kazi.